Amana ya Marehemu: Mali ya Mgeni Kutoka Ilala Hadi Bagamoyo

Miongoni mwa methali zetu ipo isemayo, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Wazee huitaja kuwahimiza vijana watoke nje wakatafute riziki. Lakini methali hiyo inakoma mahali ambapo swali zito ndipo linapoanza, nalo ni hili: mtu akishaokota, alichokiokota ni cha nani? Na ikiwa mwenyewe hayupo, wala hajulikani aliko, au amekwisha kufa, nani atakayemdai huyo aliyeokota?

Jamii zetu zililijibu swali hili tangu zamani, kabla ya kuwapo kituo cha polisi au daftari la vitu vilivyopotea. Katika miji ya pwani sheria ya Kiislamu, ambayo wenyeji wengi waliifuata kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ina mlango mzima juu ya kitu kilichookotwa. Mwokotaji hutakiwa kwanza akitambue kitu hicho kwa alama zake: kama ni mfuko, autazame mfuko wenyewe na kamba iliyoufunga, ili atakapokuja mtu kudai aweze kupimwa kwa alama hizo. Kisha hutakiwa kutangaza mahali penye watu, sokoni na kwenye milango ya misikiti, na kwa kitu chenye thamani muda wa kutangaza ni mwaka mzima. Mbuzi aliyepotea huchukuliwa asije akaliwa na mnyama, bali ngamia huachwa, kwa kuwa aweza kujitunza mpaka mwenyewe amkute. Hata akiruhusiwa kukitumia kitu baada ya mwaka, mwokotaji hubaki na deni: mwenyewe akitokea, hulipwa.

Tukiyatazama masharti hayo tutaona kwamba yamesimama juu ya nguzo tatu, nazo ni alama, ushahidi na ufikishaji. Alama huzuia udanganyifu wa mdai. Ushahidi huzuia udanganyifu wa mwokotaji. Ufikishaji ndio humaliza kazi, maana kitu kilichotunzwa vizuri lakini hakikumfikia mwenyewe bado kimepotea. Nguzo hizo ndizo zinazobeba pia neno letu "amana". Mwenye kukabidhiwa amana na mwenye kuokota ni ndugu wawili: kila mmoja ameshika mali ambayo si yake, na mwenyewe hayupo.

Katika makala hii twataka kuzitazama nguzo hizo zikifanya kazi katika tukio moja la historia ya Afrika ya Mashariki na ya Kati. Tukio hilo ni safari ya mwaka 1873 na 1874, ambapo watu wapatao sitini, wengi wao wapagazi, waliichukua maiti ya David Livingstone pamoja na vitu vyake kutoka Ilala, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpaka Bagamoyo. Safari hiyo imesimuliwa mara nyingi katika vitabu vya wageni kuwa ni hadithi ya watumishi waaminifu kwa bwana wao. Sisi twaiona kuwa ni zaidi ya hayo. Ilikuwa ni kazi ya watu waliojua sheria ya mali isiyokuwa na mwenyewe, wakaitimiza palipokuwa hapana hakimu wa kuwalazimisha.

Ili kuipima kazi hiyo, yatupasa kwanza tukumbuke jinsi mali ya mgeni huyo ilivyopotea mara kadha wa kadha alipokuwa hai. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mizigo yao, na katika mizigo hiyo lilikuwamo sanduku la dawa. Livingstone aliandika kwamba aliona kana kwamba amehukumiwa kufa, na hapana shaka maradhi yaliyomdhoofisha miaka iliyofuata yalizidi kwa kukosa dawa zile.

Mfano wa pili ni wa Ujiji. Alipofika hapo mwezi wa Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alitarajia kuzikuta bidhaa zilizopelekwa kwa ajili yake kutoka Unguja. Hakukuta kitu. Aliyekuwa amekabidhiwa bidhaa hizo, aitwaye Sherif, alikuwa amekwisha kuziuza zote. Udhuru alioutoa, kama Livingstone alivyoueleza, ulikuwa kwamba alipiga ramli kwa Kurani na ramli ikamwonyesha kwamba mwenye mali amekwisha kufa. Tuuangalie vizuri udhuru huo. Sherif hakusema kwamba mali ile ni yake. Alisema tu kwamba mwenyewe hayupo tena wa kuidai. Na huo ndio udhuru wa kila mwenye kula amana, tangu zama zile hata leo.

Siku chache baadaye Henry Morton Stanley aliwasili Ujiji, na mwezi wa Machi 1872 wakaagana Unyanyembe, karibu na Tabora. Stanley aliondoka na shajara kubwa ya Livingstone, imefungwa na kutiwa muhuri, ili aifikishe Uingereza. Kutoka pwani alimpelekea mwenziwe kundi jipya la wapagazi, ambao waliwasili mwezi wa Agosti. Ndani ya kundi hilo walikuwamo vijana waliosomeshwa Nasik, karibu na Bombay, na mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, ajuaye kusoma na kuandika Kiingereza. Waliwakuta hapo watu wa zamani wa msafara, hasa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga katika bonde la Zambezi, na James Chuma, Myao. Chuma alikuwa mtoto alipokombolewa mwaka 1861 kutoka katika msafara wa watumwa huko nyanda za Shire. Wainwright naye alikombolewa utumwani kabla ya kupelekwa Bara Hindi. Yafaa wanafunzi walikumbuke jambo hili: wawili katika waliokuja kuhesabu mali ya marehemu walikuwa wamewahi wao wenyewe kuhesabiwa kama mali.

Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha mtawala Chitambo, Livingstone alifariki dunia usiku, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Sasa ile ramli ya Sherif ilikuwa imetimia kweli. Mwenye mali alikuwa amekufa. Hapakuwa na ndugu yake wala balozi wa nchi yake kwa mwendo wa miezi mingi. Masanduku yalikuwa mikononi mwa wapagazi, na njia za kutorokea zilikuwa wazi pande zote nne.

Walichokifanya asubuhi ile ndicho kiini cha makala hii. Susi na Chuma waliwaita wenzao wote wakusanyike. Masanduku yakafunguliwa mbele ya macho ya watu wote, ili asitokee hata mmoja baadaye wa kusema kwamba kitu fulani kilikuwamo na sasa hakimo. Jacob Wainwright akaketi na kalamu, akaandika orodha ya kila kilichoonekana. Orodha hiyo ni fupi na ya kusikitisha: fedha kama shilingi moja na nusu, kofia, saa, dira, na vyombo kadha vya kupimia ambavyo mwandishi hakuyajua majina yake, kwa hiyo akaviandika kwa idadi. Hakubuni majina wala hakuviruka. Alichokijua alikitaja, na asichokijua alikihesabu.

Sisi tuliozoea kazi za ofisi twaitambua mara moja karatasi ile. Ni hati ya makabidhiano. Mtumishi wa Serikali anapohamishwa kituo huandika orodha ya vifaa mbele ya shahidi, na hatoki mpaka mpokeaji ametia sahihi. Wengi hudhani kwamba utaratibu huu uliletwa kwetu na utawala wa kigeni. Kalamu na karatasi zilitoka ng'ambo, ni kweli, na Wainwright alifunzwa kuandika na wageni. Lakini wazo la kuwaita watu wote washuhudie sanduku linapofunguliwa halikutoka katika shule ya Nasik. Hiyo ni desturi ya misafara na ya baraza, ambako neno lililosemwa mbele ya watu halikanushiki.

Baadaye walikata shauri kwamba maiti na vitu vyote vipelekwe pwani. Chitambo alipopata habari ya msiba hakuwatoza wala hakuwafukuza, bali alikuja na watu wake kuomboleza. Nje ya kijiji wakajenga uzio, na hapo maiti ikatolewa matumbo na moyo, ikatiwa chumvi na kukaushwa juani kwa muda wa majuma mawili. Moyo ulizikwa chini ya mti mkubwa, Wainwright akasoma sala na kuchonga jina na tarehe katika gome. Kisha maiti ikavikwa nguo, ikatiwa ndani ya gome la mti, ikashonewa turubai na kupakwa lami. Walipoondoka walimwachia Chitambo sanduku kubwa la bati na magazeti, viwe ushahidi kwa yeyote atakayepita baadaye kwamba mgeni huyo alifika hapo. Nguzo ya ushahidi, kwa hiyo, waliisimika pande mbili: orodha walikwenda nayo, na alama waliziacha nyuma.

Safari ilichukua miezi tisa, kwa mwendo uliozidi kilomita 1,500. Siku za kwanza tu maradhi yaliwakumba wengi, Susi mmojawapo, na wanawake wawili wa msafara walifariki. Hatupendi kuisimulia safari hii kana kwamba ilikuwa ya malaika. Katika mji wa Chawende ulizuka ugomvi, ukageuka kuwa vita, na wenyeji walipoteza maisha na nyumba zao. Uaminifu kwa amana ya mtu mmoja haukuwazuia kuwadhulumu watu wengine njiani, na mwalimu atakayefundisha habari hizi asiufiche ukurasa huo.

Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Unyanyembe. Chuma alikuwa ametangulia na barua ya Wainwright, kwa kuwa walisikia kwamba msafara wa Waingereza uko hapo, na kwamba mtoto wa marehemu yumo ndani yake. Mtoto huyo hakuwapo. Waliyemkuta ni Luteni Verney Lovett Cameron, naye alikuwa mgonjwa wa homa. Cameron aliwashauri wamzike Livingstone hapo hapo, akihofia hatari ya njia ya Ugogo. Ushauri huo haukuwa wa mtu mbaya, na kwa watu waliochoka ulikuwa ruhusa kamili ya kutua mzigo. Nao waliukataa. Masanduku yalifunguliwa, na vingi katika vyombo vya kupimia vilichukuliwa kwa matumizi ya msafara wa Cameron.

Tusimame kidogo hapo. Waliobeba vyombo vile tangu Ilala hawakujua hata majina yake, lakini hawakuvigusa. Aliyevichukua alijua kuvitumia, na kwa kuwa alijua kuvitumia aliona inafaa avichukue. Yawezekana Cameron alifikiri kwamba vyombo vya sayansi vitaendelea na kazi ya sayansi. Walakini amana haiulizi nani atakitumia kitu vizuri zaidi. Huuliza ni cha nani, na kipelekwe wapi. Ni haki pia tuseme kwamba Cameron huyo huyo, alipofika Ujiji mwezi wa Februari 1874, alizikuta karatasi ambazo Livingstone alikuwa ameziacha huko, akazipeleka salama Uingereza. Mtu mmoja aweza kuitimiza amana mahali pamoja na kuilegeza mahali pengine.

Kutoka Unyanyembe hatari ilikuwa ya namna nyingine. Walipofika Kasekera, watu wa huko waligundua kwamba ndani ya msafara mna maiti, wakakataa isipite, kwa hofu ya balaa. Basi wasafiri walitangaza kwamba wamekubali kumrudisha marehemu akazikwe Unyanyembe. Walichukua mabua ya mtama wakayafunga kwa mfano wa maiti, wakawapa wenzao wachache wayabebe kwa heshima kurudi nyuma. Walipofika mbali porini waliyafungua mabua na kuyatupa huku na huku, kisha wakawafuata wenzao usiku. Maiti yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa upya kwa umbo la mtumba wa nguo, ikaendelea na safari miongoni mwa mitumba mingine.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na mapadri wa Roho Mtakatifu wakaipokea maiti katika misheni yao. Meli ya kivita ya Kiingereza iliivusha hadi Unguja. Kutoka hapo ilipelekwa Uingereza, na kati ya wasafiri wote ni Jacob Wainwright peke yake aliyekwenda nayo. Huko ndiko ilikotimia nguzo ya alama, kwa namna ambayo mwanachuoni yeyote wa pwani angeikubali. Watu waliuliza: tutajuaje kwamba mwili huu uliokauka ni wake? Daktari Sir William Fergusson aliuchunguza mkono wa kushoto, akaukuta mfupa uliovunjwa na simba zamani, Livingstone alipokuwa Mabotsa kusini mwa Afrika, ambao haukuunga sawasawa. Alama ikathibitisha. Mnamo tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa katika Westminster Abbey, na Wainwright akiwa mmoja wa waliolisindikiza jeneza.

Lakini kilichorudi hakikuwa maiti tu. Pamoja nayo zilirudi shajara za mwisho, ambamo Livingstone aliandika mpaka siku chache kabla ya kufa kwake. Susi na Chuma walialikwa Uingereza baada ya mazishi, wakakaa na Horace Waller wakimweleza yale ambayo marehemu hakuweza kuyaandika: jinsi alivyokufa, njia waliyopita, na maneno yaliyosomeka kwa shida. Kwa kazi hiyo, mwaka 1874 haujaisha, kilichapishwa kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone. Sehemu moja ya kitabu ilitokana na ile shajara iliyochukuliwa na Stanley, sehemu nyingine na zile zilizobebwa mpaka Bagamoyo, na simulizi ya mwisho ilitoka vinywani mwa Susi na Chuma. Kila mwanahistoria aliyeandika juu ya miaka ile, juu ya biashara ya watumwa na misafara na maziwa ya bara, amekunywa katika kisima hicho. Laiti wapagazi wangefuata mfano wa Sherif, karatasi zile zingefungia tumbaku.

Sasa yatupasa tuulize upande wa pili wa makabidhiano. Mwenye kuleta amana ametimiza. Je, aliyepokea alitia sahihi gani? Pale pwani wapagazi walilipwa ujira wao wakaambiwa waende zao, na watu wa Uingereza waliolalamikia jambo hilo hawakukosa. Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London kilitengeneza nishani kwa ajili yao, lakini wengi walikwisha kutawanyika. Halima, mpishi aliyesifiwa na Livingstone mwenyewe, aliifuata maiti mpaka Unguja, naye Waller aliandika kwa masikitiko kwamba utumishi wake wa miaka mingi haukupata malipo. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 na Susi mwaka 1891, baada ya kuongoza misafara mingine. Wainwright alifariki mwaka 1892 huko Urambo, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Tabora. Aliacha shajara yake mwenyewe ya safari ile, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana katika tafsiri ya Kijerumani tu, na imetolewa hadharani kwa maneno yake ya asili katika miaka yetu hii.

Ipo basi mali nyingine iliyopotea katika njia ile ya Ilala na Bagamoyo, nayo ni majina. Waliyahifadhi maandishi ya mgeni neno kwa neno, lakini wao wenyewe hawakuwa na mtu wa kufungua masanduku yao mbele ya mashahidi na kuandika kilichomo. Wengi katika wale sitini twawajua kwa idadi tu, kama vile vyombo vya kupimia vilivyomshinda Wainwright kuvitaja. Hilo si deni la Uingereza peke yake. Ni letu pia, maana mwenye kuokota habari za watu hawa katika vitabu anawajibika kuzifikisha kwao, nao leo ni wajukuu na vitukuu wao waliomo madarasani mwetu.

Twapendekeza kwa walimu jambo dogo. Kabla ya kufundisha habari za Livingstone, mwalimu awaagize wanafunzi waandike orodha ya vitu vya mtu mmoja aliyefariki katika ukoo wao: jembe, kanga, cheti, barua, picha, na chochote wasichokijua matumizi yake wakiandike kwa idadi. Waulize wazee kila kitu kilitoka wapi, na kiko kwa nani sasa. Wafanye hivyo mbele ya ndugu wawili au watatu, kila mmoja atie sahihi chini. Wazee wa Kiswahili walisema, "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Orodha ya kwanza ya namna hiyo iliandikwa Ilala mwaka 1873, juu ya masanduku yaliyokuwa wazi, na aliyeiandika alikuwa kijana aliyewahi kuuzwa.